Nani aliipima skwea ya kwanza?

Mwaka jana wakati wa likizo nilipeleka mchoro wa kabati la vitabu kwa fundi mmoja pale Keko, Dar es Salaam. Kabati lenyewe kubwa, linakaribia dari. Kwa kuwa nasoma uzamili wa fizikia, na mambo ya vipimo ndiyo ninayoshinda nayo maabara, niliona nisiende mikono mitupu. Nikanunua skwea mpya ya chuma, inang'aa, ina milimita upande huu na inchi upande ule, nikamkabidhi fundi kama zawadi. Nikiri tu: sikuiamini ile aliyokuwa nayo. Ilikuwa ya plaiwudi, kubwa, mkono mmoja unafika karibu mita moja na robo, kona yake imeshikiliwa na kipande cha mbao kilichokatiza kutoka mkono hadi mkono, na imechafuka gundi kila mahali.

Mzee akapokea, akashukuru. Halafu akachukua ubao mpana wenye ukingo ulionyooka. Akaegemeza mkono mfupi wa skwea yangu kwenye ukingo, akachora mstari kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano. Akaigeuza skwea, uso wa juu ukawa chini, akachora mstari wa pili kuanzia nukta ileile. Mistari ilianza pamoja, lakini kadiri ilivyokwenda ikaachana. Mwishoni, sentimita 60 kutoka ukingoni, kulikuwa na nafasi ya kama milimita mbili. Akafanya vilevile kwa skwea yake ya plaiwudi. Mstari wa pili ukalala juu ya wa kwanza.

"Hii yako nani aliipima?" akaniuliza.

"Waliipima kiwandani, mzee."

"Na ile waliyopimia kiwandani, nani aliipima?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Nilirudi nyumbani na swali hilo na sikulala vizuri. Ukifikiri kidogo utaona lina uzito. Kama kila skwea imenyooshwa kwa kulinganishwa na skwea nyingine iliyo sahihi zaidi, basi lazima mahali fulani kuna skwea ya kwanza kabisa. Hiyo ililinganishwa na nini? Makala hii ni safari ya kutafuta jibu, na inaanzia miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita.

Kwa nini skwea kubwa ndiyo yenye kesi

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa. Skwea ndogo ya kiganjani ikikosea, wengi hawatajua. Tuseme imekosea kwa digrii 0.1 tu, yaani badala ya digrii 90 inatoa 90.1. Kwenye mstari wa sentimita 10, kosa hilo linakupeleka pembeni milimita 0.17 hivi. Penseli butu inakosea zaidi ya hapo. Lakini pembe ni ileile hata mstari ukirefuka, na kosa linarefuka nao. Kwenye sentimita 60 unakuwa umehama milimita moja. Kwenye upana wa shiti ya kawaida ya plaiwudi, ambao ni milimita 1,220, umehama zaidi ya milimita mbili. Hapo mlango wa kabati haufungi, droo inakwama, na rafu inacheza kama meza ya kijiweni.

Ndiyo maana fundi anayekata vipande vikubwa hawezi kutumia skwea ndogo halafu akarefusha mstari kwa rula. Akifanya hivyo anachukua kosa dogo lisiloonekana na kulikuza mwenyewe. Anahitaji skwea kubwa kama kazi yake. Na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kutengeneza skwea kubwa iliyo sahihi ni kazi ngumu kuliko kutengeneza ndogo, kwa sababu hiyohiyo: kosa lolote la kona linaonekana kwa ukubwa wake mwishoni mwa mkono.

Kaburi la Sennedjem

Mwaka 1886, katika kijiji cha kale cha Deir el-Medina, ng'ambo ya mto Nile kutoka Luxor, lilifunguliwa kaburi la fundi aliyeitwa Sennedjem. Aliishi karne ya 13 KK, zama za mafarao Seti wa Kwanza na Ramesses wa Pili, na alikuwa mmoja wa wale waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme. Ndani ya kaburi lake, pamoja na vitu vingine, vilikutwa vifaa vitatu vya mbao: timazi ya kusimamisha ukuta wima, kifaa chenye umbo la herufi A chenye uzi na kitonge cha kupima usawa wa sakafu, na skwea.

Umbo la skwea ile halihitaji maelezo marefu. Ni mikono miwili ya mbao iliyoungana kwenye kona. Ukiiweka leo kwenye meza ya seremala yeyote, atajua cha kufanya nayo bila kuuliza. Vifaa vya Sennedjem sasa viko makumbusho ya Cairo.

Pengine umewahi kusoma kwamba Wamisri walipata pembe mraba kwa kamba yenye mafundo 12, wakiivuta iwe pembetatu ya pande 3, 4 na 5. Hadithi hiyo imo hadi kwenye vitabu vya shule. Chanzo chake si maandishi ya Misri. Mwanahistoria wa hisabati Moritz Cantor wa Ujerumani aliitoa kama dhana mwishoni mwa karne ya 19, akijaribu kukisia wapima ardhi wa Misri walifanyaje kazi na kamba zao. Waliomfuata wakaacha neno "labda" njiani. Kwa hiyo tukitaka kuiona pembetatu ya 3, 4 na 5 ikitengeneza skwea, na imeandikwa waziwazi, inabidi tuvuke bahari twende Roma.

Fimbo tatu za Vitruvius

Vitruvius alikuwa mjenzi wa Kirumi wa karne ya 1 KK aliyeandika vitabu kumi kuhusu ujenzi na kuvitoa kwa mtawala Augusto. Katika utangulizi wa kitabu cha tisa anasema jambo ambalo fundi yeyote wa leo atatikisa kichwa kukubali: kwamba mafundi wanapotengeneza skwea hutaabika sana, na bado hawafiki kwenye usahihi kamili. Halafu anatoa dawa, na anampa sifa Pythagoras. Chukua fimbo tatu, ya futi 3, ya futi 4 na ya futi 5. Ziunganishe ncha kwa ncha ziwe pembetatu. Kona iliyo kati ya fimbo ya 3 na ya 4 ni pembe mraba.

Futi ya Kirumi ilikuwa kama sentimita 29.6. Piga hesabu: fimbo zake zina sentimita 89, 118 na 148. Yaani Vitruvius hazungumzii kifaa cha mfukoni. Hiyo ni skwea kubwa ya karakana, karibu sawa kabisa na ile ya plaiwudi niliyoidharau Keko.

Na ukubwa huo una faida. Tuseme umekosea kukata fimbo ndefu kwa milimita moja. Kwenye pembetatu ya Vitruvius, kosa hilo linaharibu kona kwa digrii 0.08 hivi. Ukitumia pembetatu ya mita 3, 4 na 5, milimita moja ileile inaharibu kona kwa digrii 0.024 tu. Ndiyo sababu mafundi ujenzi wakitandika msingi wa nyumba huvuta futi kamba hadi mita 3, 4 na 5, hawahangaiki na sentimita 30, 40 na 50.

Kuna uzuri mwingine umejificha kwenye zile fimbo tatu. Ubao hunywa unyevunyevu wa masika na kusinyaa kiangazi, lakini hausinyai sawasawa. Kwa upana wake unaweza kubadilika asilimia kadhaa. Kwa urefu, kufuata nyuzi zake, unabadilika kidogo mno. Pembetatu ya fimbo tatu inategemea urefu peke yake, upana hauna kauli. Tena pembetatu haiwezi kulegea bila fimbo mojawapo kubadilika urefu. Kile kipande cha mbao kilichokatiza kona kwenye skwea ya yule mzee ndicho fimbo ya tatu.

Kumbuka pia kwamba Warumi waliiita skwea "norma". Kutoka hapo ndipo Waingereza na Wafaransa walipopata neno "normal". Kitu cha kawaida, kwa asili ya neno, ni kitu kilichopimwa kwa skwea ya seremala.

Siri za karakana zaingia kitabuni

Kwa karne nyingi elimu hii ilitoka mkono hadi mkono, fundi kwa mwanafunzi wake. Karne ya 17 mambo yakaanza kubadilika. Huko London, Joseph Moxon, mchapaji na mtengenezaji wa ramani na tufe za dunia, alianza kutoa vijitabu vya mfululizo kuhusu kazi za mikono mwishoni mwa miaka ya 1670: uhunzi, useremala, ukerezaji. Skwea ya mbao ya seremala imo humo. Mwaka 1678 Moxon alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza. Mtu wa karakana aliketi pamoja na wanazuoni.

Karibu miaka mia baadaye, Paris, kazi hiyo ilifanywa na seremala mwenyewe. André-Jacob Roubo, aliyezaliwa katika familia ya maseremala, aliandika kitabu kikubwa kuhusu useremala kilichoanza kutoka mwaka 1769 chini ya Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Ufaransa. Michoro yake ni ya mtu aliyeshika randa kwa miaka, na skwea za mbao za aina kadhaa zimo. Wakati huo wote, kwa kazi kubwa, mbao ndiyo iliyotawala. Chuma kipana kilichonyooka kilikuwa ghali na kizito, na kukinyoosha kwa nyundo na tupa ilikuwa kazi ya siku nyingi.

Chuma cha misumeno mikuukuu

Mabadiliko yalitokea Marekani, jimbo la Vermont, mwanzoni mwa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba mhunzi mmoja wa Shaftsbury, Silas Hawes, alipata misumeno iliyochoka kutoka kwa mchuuzi, akaiunganisha kwa moto ikawa herufi L. Misumeno ilikuwa na sifa tatu alizozitaka: chuma kigumu, chembamba, kilichokwisha kunyooshwa. Hataza yake ni ya mwaka 1819, na Shaftsbury ikawa mji wa viwanda vya skwea. (Kumbukumbu nyingi za hataza za kipindi kile ziliungua kwenye moto wa ofisi ya hataza ya Marekani Desemba 1836, ndiyo maana simulizi zimebaki na kazi kubwa.)

Skwea ya paa tunayoiona leo madukani ni mjukuu wa ile. Mkono mrefu inchi 24, mfupi inchi 16. Wajenzi wa nyumba za mbao waliipenda kwa sababu alama zake ni kama kikokotoo. Unataka paa linalopanda inchi 6 kwa kila inchi 12? Weka alama ya 12 ya mkono mmoja na ya 6 ya mkono mwingine kwenye ukingo wa boriti, chora, na pembe ya kukata umeipata bila kupiga hesabu yoyote.

Na chuma kina sifa nyingine inayotufurahisha sisi watu wa fizikia. Kikipata joto kinatanuka, lakini kikipata joto sawasawa kinatanuka kila upande kwa uwiano uleule. Mikono inarefuka, kona haibadiliki. Mchana wa Dar unaweza kuharibu urefu kidogo sana. Pembe hauigusi.

Tatu ni shahidi

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Viwanda vilipoanza kutoa maelfu ya skwea, vilihitaji kifaa mama cha kulinganishia. Mama huyo alitoka wapi?

Mwaka 1840, mjini Glasgow, mhandisi Joseph Whitworth aliwasomea wanasayansi makala kuhusu kutengeneza uso wa chuma ulio bapa kabisa. Whitworth aliwahi kufanya kazi katika karakana maarufu ya Henry Maudslay, London. Njia aliyoieleza haihitaji uso bapa wa kuanzia. Inahitaji nyuso tatu. Ukisugua mbili tu, zinaweza kushikana vizuri kabisa huku moja imebinuka na nyingine imebonyea, kama bakuli na mgongo wa kijiko. Ukileta ya tatu, uongo unakwisha. Nyuso tatu zikishikana zote, kila moja na kila nyingine, haziwezi kuwa kitu kingine isipokuwa bapa.

Skwea nazo ni hivyohivyo. Simamisha skwea mbili juu ya meza bapa, zitazamane, ziguse. Kama hakuna mwanga unaopenya kati yao, usishangilie bado, maana moja inaweza kuwa digrii 90.1 na nyingine 89.9. Leta ya tatu inayoshikana na ya kwanza bila mwanga. Nayo itakuwa 89.9. Sasa kutanisha ya pili na ya tatu. Kama zina kosa, mwanga utapenya, na upana wa upenyo utakuwa kosa mara mbili. Unakwangua, unarudia, hadi zote tatu zikubaliane.

Fundi wa Keko alifanya jambo hilohilo kwa skwea moja tu. Alipoigeuza, aliifanya iwe shahidi dhidi ya nafsi yake. Kosa lililokuwa likiegemea kulia likaegemea kushoto. Pembe mraba halisi haina kulia wala kushoto, kwa hiyo mistari ikigawanyika, pengo lote ni la skwea, tena limekuzwa mara mbili ili jicho lilione. Hata maabara tunafanya hivi. Mwashi anageuza pima maji ncha kwa ncha. Mwanakemia anabadilisha sahani za mizani. Hila ni moja: geuza kifaa, ukweli utabaki, kosa litageuka nacho.

Basi jibu la swali ni hili: skwea ya kwanza hakuna aliyeipima. Ilijipima yenyewe.

Kutoka fremu hadi shiti

Seremala wa zama za Roubo hakuwa na ubao wa upana wa mita moja na zaidi. Mlango aliunda kwa fremu na vibao vya katikati, kisha akahakiki fremu nzima kwa kupima kona kwa kona. Kama pande zinazotazamana ni sawa, na vipimo viwili vya kona kwa kona ni sawa, fremu imekaa mraba. Njia hii bado ndiyo bora kwa kabati lililokwisha kuunganishwa.

Plaiwudi ilibadilisha kazi. Shiti ya milimita 2,440 kwa 1,220 inakuja nzima, na lazima uchore juu yake kabla hujaunganisha chochote. Ndiyo sababu leo kuna skwea kubwa za alumini, nyingine za umbo la L, nyingine za pembetatu, zinazokatwa na mashine za kompyuta. Ni nyepesi, ni sahihi, na bei yake inatisha. Lakini mashine ile nayo ilinyooshwa na watu waliogeuza, waliokutanisha na waliotazama mwanga. Usahihi wake ni jasho la hila ileile, umenunuliwa ukiwa tayari. Ambaye hana pesa hiyo hajafungiwa mlango. Ana plaiwudi, ana penseli, na ana uwezo wa kugeuza.

Jaribu mwenyewe

Chukua skwea yoyote uliyonayo. Tafuta ubao wenye ukingo ulionyooka kweli, kwa sababu ukingo uliopinda utakudanganya. Chora, geuza, chora tena kuanzia nukta ileile. Pima pengo mwishoni, gawa kwa mbili, hilo ndilo kosa lako kwa urefu huo. Kisha tazama mstari umelalia wapi. Ukilalia upande ulikokuwa mkono mfupi, pembe iko chini ya digrii 90. Ukikimbilia upande wa pili, imezidi.

Yangu ilikuwa imezidi. Nilidhani mzee ataitupa kwenye kona ya vyuma chakavu. Akaiweka juu ya fuawe, akachukua senta panchi, akagonga nukta mbili karibu na ncha ya nje ya kona. Chuma kikigongwa hutanuka pale kilipogongwa, na kikitanuka upande wa nje wa kona, mikono inasogeleana. Ingekuwa pungufu angegonga upande wa ndani. Akachora, akageuza, akachora. Nukta moja tena, taratibu. Mistari ikalala pamoja.

Akanirudishia. "Sasa ukiulizwa nani aliipima," akasema, "una la kusema."